Rivyu ya Zotero kwa ripoti za maabara ya kemia: kupanga inajua, kemia haijui

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo. Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni nzuri, ni bure, na kwa mtu anayeandika ripoti za maabara za kemia mara kwa mara sioni kwa nini aendelee kupanga marejeo kwa mkono. Ila, na hii ila ni kubwa, programu yenyewe kemia haijui hata chembe. Itakupangia majina ya waandishi, itaukoza mwaka, jina la jarida italiweka kwa mlazo, kila kitu kinapendeza, halafu katikati ya huo upendezaji itakuachia vitu ambavyo anayesahihisha atavishika kabla hata hajafika kwenye matokeo yako. Kwa hiyo sitaizungumzia kama programu ya watu wote, wa sheria na wa fasihi wana mahitaji yao, naiangalia kwa jicho moja tu: je, inakusaidia kunukuu vyanzo vya kitaalamu vile kemia inavyotaka?

Kwa asiyeijua, Zotero ilianza mwaka 2006 pale George Mason University, Marekani, kwenye kituo cha wanahistoria, so ndiyo, wakemia tunatumia kitu walichotengeneza watu wa historia na hatuna shida nao. Msimbo wake uko wazi, hakuna kulipia leseni. Unaiweka kwenye kompyuta, unaongeza kiunganishi chake kwenye brauza, na yenyewe inajipachika ndani ya Word na LibreOffice, Google Docs nayo inaingia kupitia hicho kiunganishi cha brauza. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala ya jarida unakliki kitufe kimoja inasevu waandishi, kichwa, jarida, mwaka, juzuu, toleo, kurasa na DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni), na PDF ikiwa inapatikana inaivuta pia. Kama una DOI peke yake, zile namba zinazoanza na 10, unabonyeza alama ya kifimbo cha uchawi, unapesti, kadi ya chanzo hicho ndani ya Zotero inajaa yenyewe. ISBN ya kitabu inakubali pia. Nafasi ya bure kwenye seva yao ni MB 300, ambayo kwa PDF nyingi inaisha haraka, lakini hiyo inahusu mafaili tu, taarifa za marejeo zenyewe unazisinki bila kikomo na mafaili unaweza kuyaacha kwenye kompyuta yako, kwa hiyo wanaolalamika kuhusu hiyo MB 300 mara nyingi hata hawaihitaji.

Sasa twende kwenye kinachoifanya iwe na thamani. Kemia kwa sehemu kubwa inafuata mtindo wa ACS, yaani wa Chama cha Kemia cha Marekani. Mwongozo wao wa kitabu uliishia toleo la tatu la 2006, na tangu 2020 wamehamia kwenye mwongozo wa mtandaoni. Unakuruhusu njia tatu za kunukuu ndani ya maandishi: namba ndogo ya juu, namba ya mlazo ndani ya mabano, au jina la mwandishi na mwaka. Wengi wanatumia namba ndogo ya juu. Na namba zinafuata mpangilio wa kutokea: chanzo cha kwanza kutajwa ni 1, cha pili ni 2, ukikirudia cha kwanza kinabaki 1 hukipi namba mpya.

Shida iko hapa: hakuna mtu anayeandika ripoti ya maabara kuanzia juu kwenda chini. Unaanza na njia ulizotumia kwa sababu bado unazikumbuka, halafu matokeo, halafu mjadala, utangulizi unaandika mwisho tena ukiwa umechoka. Maana yake kila chanzo unachoweka kwenye utangulizi kinasukuma namba zote za chini. Kwa mkono hiyo ni kazi ya kurudia ripoti nzima na lazima namba moja itabaki ya zamani, itaelekeza kwenye chanzo kisichohusika, na msomaji akienda kuangalia kiwango cha kuyeyuka anakutana na makala ya usalama wa asidi. Zotero hili imelimaliza. Unaingiza chanzo popote, namba zote zinajipanga upya na orodha ya chini inabadilika hapo hapo. Kama ingekuwa inafanya hilo tu na si kingine bado ningeiweka kwenye kompyuta.

Tahadhari ndogo, namba inakaa pale ulipoweka kielekezi cha kuandikia. ACS inataka namba ya juu ije baada ya alama ya kituo, nukta kwanza au mkato kwanza ndipo namba, na Zotero haikuhamishii. Ukiingiza kabla ya nukta itakaa kabla ya nukta maisha yake yote. Na ukiwa na vyanzo vitatu kwa hoja moja viweke vyote kwenye kisanduku kimoja cha nukuu, usiingize mara tatu mfululizo, maana ukiviweka pamoja inaviunganisha vizuri kwa mkato au kistari, ukivitenganisha 2 na 3 zinagandana unapata kitu kinachosomeka ishirini na tatu.

Halafu kuna hili ambalo ni la kwetu wakemia kabisa na hakuna programu itakayokuonya. Chukua sentensi inayosema enthalpia ya kuneutralisha asidi kali na besi kali ni −55.8 kJ mol⁻¹ na mwishoni unaweka nukuu namba 4. Umeshaona? Inageuka mol⁻¹⁴. Msomaji anakodoa macho. Vivyo hivyo kwenye cm³, kwenye 10⁵, kwenye ioni yenye chaji, popote penye kipeo. Kuweka nukta katikati kunasaidia kidogo tu. Dawa ni kuhamisha nukuu kwenye neno, yaani unaandika "thamani iliyochapishwa⁴ ni −55.8 kJ mol⁻¹", nukuu inakaa kwenye neno "iliyochapishwa" na kipimo kinabaki salama. Au kama ripoti yako imejaa vipeo na mwalimu hajakulazimisha, tumia ile njia ya namba za mlazo ndani ya mabano, mimi naipenda zaidi kwa ripoti za thermokemia na sijui kwa nini watu wanaikimbia.

Tuje kwenye majina ya majarida, hapa ndipo Zotero inapoteza alama. ACS inataka vifupisho vya CASSI, ile orodha ya majina ya majarida ya CAS, kitengo cha ACS, ambayo unaweza kuitafuta bure mtandaoni. Journal of the American Chemical Society inakuwa J. Am. Chem. Soc., Journal of Chemical Education inakuwa J. Chem. Educ., na jarida lenye neno moja kama Nature linabaki Nature. Zotero ina sehemu ya kifupisho kwenye kila kadi, lakini inaijaza kwa kile tovuti ya jarida ilichotoa, na tovuti kila moja na akili yake, nyingine inatoa kifupisho bila nukta, nyingine haitoi kabisa. Mfano mzuri ni Angewandte Chemie, toleo la kimataifa: CASSI inasema Angew. Chem., Int. Ed., ina mkato pale kati, na ule mkato unapotea mara nyingi sana. Ni kitu kidogo, najua, ila mwenye kusahihisha kwa kalamu nyekundu anaishi kwa ajili ya vitu vidogo.

Na kuna kisanduku kimoja cha kuangalia kwenye mipangilio ya dokumenti ndani ya Word, kinachohusu kutumia vifupisho vya MEDLINE. Kikiwa na tiki, Zotero inapuuza kile ulichoandika kwenye kadi na inatumia vya MEDLINE. Vya MEDLINE ni vya watu wa tiba. Toa tiki, kisha rekebisha vifupisho kwenye kadi zenyewe mara moja, ukishafanya hivyo jarida hilo halikusumbui tena kwenye makala ile. Rekebisha kwenye kadi jamani, msirekebishe kwenye orodha ndani ya Word. Ukirekebisha kwenye Word, ukija kuingiza chanzo kingine orodha inajiandika upya na marekebisho yako yanafutika yote, halafu unasema programu mbovu.

Vichwa vya makala navyo. Kemia ina H₂O₂, ina CO₂, ina majina ya kilatini ya mimea mtu aliyotolea mafuta, ina viambishi vya mlazo kama cis na trans. Kadi ikijazwa na DOI mara nyingi hizo zinakuja zimelala flati, H2O2 namba zikiwa kubwa kama herufi. Zotero inakuruhusu kuweka tagi za HTML (vile vialama vya kuandikia kurasa za wavuti) ndani ya kichwa kwa ajili ya namba ya chini, namba ya juu na mlazo, na zinatokea vizuri kwenye orodha. Inafanya kazi vizuri lakini lazima ujue ipo, hakuna kitufe kinachokuambia. Kwa mtu wa kawaida hii ingekuwa kasoro ndogo, kwa kemia ni kasoro ya kila siku.

Waandishi wengi nao: mwongozo wa ACS unataka uwataje hadi kumi, wakizidi hapo unataja kumi wa kwanza halafu et al. Hiyo staili inaijua, iache ifanye. Jina la ukoo kwanza, mkato, herufi za mwanzo, halafu nukta mkato kabla ya mwandishi anayefuata. Kuna watu bado wanaweka "na" kabla ya mwandishi wa mwisho kwa sababu wamezoea APA, mtindo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, ukiwa na Zotero hilo limeisha, unachagua tu staili ya American Chemical Society, kama haipo kwenye orodha unaiongeza bure kutoka hazina yao ya staili, zipo zaidi ya elfu kumi.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo naona ndiyo yenye nyama, yaani vyanzo ambavyo ripoti za maabara zinavitumia kweli. Maana ukweli ni kwamba mwanafunzi wa maabara hanukuu sana makala za majarida. Ananukuu thamani. Kiwango cha kuyeyuka, wiani, kiwango cha kuchemka, enthalpia, pKa, spektra. Ananukuu kijitabu cha maelekezo ya maabara. Ananukuu karatasi ya usalama ya kemikali. Na kwenye hivyo vyote Zotero ni dhaifu, kwa sababu vingi havina DOI na kiunganishi kikivikuta kinaweza kuvisevu kama ukurasa wa wavuti tu, kichwa na tarehe uliyofungua, basi.

Chukua aspirini, mfano ambao kila mtu ameupitia. Umetengeneza, umeikausha, umepima, imeyeyuka kuanzia 128 hadi 132 °C. Kwenye mjadala unasema thamani iliyochapishwa ni karibu 135 °C kwa hiyo yako ina uchafu, pengine asidi salisiliki iliyobaki, na kipimo cha kloridi ya chuma kimetoa rangi ya zambarau kuthibitisha. Mjadala mzuri. Swali ni hiyo 135 umeitoa wapi? Ukiandika PubChem pekee hujajibu. PubChem, ambayo ipo tangu 2004 chini ya taasisi za afya za Marekani, ni mkusanyaji. Ukifungua ukurasa wa aspirini, CID 2244 (CID ni namba ya kampaundi kwenye PubChem), kwenye kiwango cha kuyeyuka utakuta thamani zaidi ya moja, na kila moja ina chanzo chake kimeandikwa chini yake. Kwa hiyo ama unafuata kile chanzo cha chini na kukisoma na kukinukuu chenyewe, ama unanukuu rekodi ya PubChem kwa jina la kampaundi, namba ya CID, anwani ya ukurasa na tarehe uliyofungua, na kwenye sentensi unasema ni thamani ipi kati ya zile. Na aspirini ina ujanja wake, inaanza kuoza ikipashwa, kwa hiyo thamani inategemea na kasi ya kupasha, ndiyo maana vyanzo havikubaliani. Anayenukuu namba moja bila kusema imetoka wapi anakuwa amelificha hilo bila kujua, na kosa la asilimia alilokokotoa halina msingi.

NIST Chemistry WebBook, hifadhidata ya taasisi ya viwango ya Marekani, ni rahisi zaidi kwa sababu wenyewe wanakuandikia jinsi ya kuwanukuu: wahariri Linstrom na Mallard, NIST Standard Reference Database namba 69, na DOI yao ipo. Ila hiyo unaijaza wewe kwa mkono kwenye kadi na kuhakikisha wahariri wameingia kama wahariri, sio kama waandishi. Ukiangalia vizuri sehemu za data zina waandishi wake tofauti, na kila thamani kwenye jedwali ina rejea yake ya awali pembeni, mtu makini anaenda mpaka huko.

Halafu CRC Handbook of Chemistry and Physics, kile kitabu kinene cha majedwali ya thamani. Tafadhali andika toleo. Thamani zinarekebishwa toleo hadi toleo, na wahariri wanabadilika, toleo la 97 la 2016 mhariri ni Haynes lakini ya baadaye siyo yeye, kwa hiyo kukopi marejeo ya rafiki yako aliyetumia toleo jingine ni kunukuu kitabu ambacho hujakishika. Na kuna kituko hapa cha kufurahisha: kurasa za CRC zinahesabiwa kwa sehemu, unaona 3-24 maana yake ukurasa wa 24 wa sehemu ya 3. Zotero ikiona kistari kwenye sehemu ya kurasa inadhani ni kutoka ukurasa 3 hadi 24 na inakigeuza kistari kirefu. Kagua kwa macho yako kwenye orodha ya mwisho. Ndicho nilichokuwa nakisema, kupanga inajua, inachokipanga haikielewi.

Kijitabu cha maelekezo ya maabara: kinanukuliwa, ndiyo, kwenye sehemu ya njia. Sentensi moja inatosha, kwamba utaratibu ulifuatwa kama ulivyo kwenye kijitabu, na namba, kisha unaeleza tu ulipotofautiana nacho. Kwenye Zotero kitengenezee kadi ya kitabu, mwandishi akiwa hajulikani weka idara au taasisi kama mwandishi (kuna kitufe cha kubadilisha jina liwe sehemu moja badala ya mbili, usipokitumia taasisi itageuzwa kuwa mtu mwenye jina la ukoo na herufi za mwanzo, nimeshaona idara nzima imegeuzwa mtu). Karatasi ya usalama: jina la mtengenezaji, jina la kemikali, namba ya bidhaa, na tarehe ya marekebisho. Hiyo tarehe ndiyo muhimu kuliko vyote maana maelezo ya hatari hubadilishwa.

Kitu gani hakihitaji nukuu? Matokeo yako mwenyewe, hesabu zako, na yale yanayojulikana na kila aliyesoma kemia, kwamba maji ni H₂O au kwamba pH ya 7 si asidi wala besi. Sheria ya Beer na Lambert, ile ya mwanga kunyonywa na myeyusho, kama mlinganyo tu hakuna atakayekudai. Lakini ukitumia thamani ya unyonyaji wa molari ya mtu mwingine, hiyo inadaiwa.

Na nikiwa hapo hapo kwa Beer, kuna tabia moja inaniudhi. Mtu anaandika ripoti ya spektrofotomita, anataka ionekane ya kisomi, anamnukuu August Beer wa 1852 moja kwa moja. Makala ile ni ya Kijerumani, kwenye Annalen der Physik und Chemie. Umeisoma? Kama hukuisoma nukuu kitabu ulichosoma. Makala hiyo pia inaonyesha kwa nini hutakiwi kuiamini Zotero kwa macho yaliyofumbwa, maana ukiingiza DOI yake inakuja juzuu ya 162, wakati vitabu vingi vinaandika juzuu ya 86. Nani kakosea? Hakuna. Poggendorff alipochukua uhariri wa jarida hilo mwaka 1824 hesabu ya juzuu ilianza upya, na kabla yake zilikuwapo 76. Sabini na sita kujumlisha themanini na sita ni 162. Mchapishaji wa leo anahesabu tangu mwanzo. Kwa makala za zamani za Kijerumani hili litakukuta tena na tena, chagua hesabu moja ubaki nayo, na DOI iweke ili anayetafuta afike.

Jambo ambalo watu hawalisifu vya kutosha: tangu 2019 Zotero inaangalia maktaba yako dhidi ya hifadhidata ya Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa, na makala ikiwa imefutwa na jarida inakuwekea alama nyekundu na kukuonya ukitaka kuinukuu. Inatumia DOI au PMID (namba ya makala kwenye hifadhidata ya PubMed) kulinganisha, kwa hiyo kadi uliyojaza kwa mkono bila DOI inaweza kupita bila kuonekana. Kwa ripoti ya usanisi ambapo unafuata njia ya mtu mwingine, kujua kwamba njia ile imeshakataliwa ni zaidi ya adabu ya kunukuu, ni usalama wako pale kwenye chemba ya moshi.

Mbadala? Upo. EndNote ya Clarivate ni ya kulipia, ina nguvu, kama taasisi yako imeshalipa itumie. Mendeley ni ya Elsevier tangu 2013, bure, inafaa, ila mimi napenda kitu ambacho data yangu naweza kuichota muda wowote bila kubembeleza. Wanaotumia LaTeX, mfumo wa kuandika nyaraka kwa msimbo, wana bahati, kuna pakiti ya achemso inayojua mtindo wa ACS vizuri mno, na Zotero inatoa faili la marejeo la BibTeX kwa ajili yake. Zile tovuti za kutengeneza rejea moja moja kwa kupesti kiungo sizipendekezi kwa kemia, inayokuja kwa jina la ACS mara nyingine ni APA iliyovaa namba. Na programu za akili bandia za kuchati ndiyo kabisa, zinatunga rejea zinazofanana na za kweli, mwandishi wa kweli, jarida la kweli, kurasa zinazoeleweka, makala haipo. Ukipewa rejea na hizo, chukua DOI uipeleke doi.org kabla ya chochote. Isipofunguka, au ikafunguka makala ya mambo mengine, umepata jibu lako.

Kwa kazi za kundi, maktaba ya kundi ni bure kuanzisha na kila mtu anaingiza vyake, mnaonukuu mnanukuu kutoka huko, sio kila mmoja kutoka kwake, la sivyo chanzo kimoja kitatokea mara mbili kwa namba mbili. Mkianzia Google Docs na mkataka kumalizia Word msidaunlodi tu faili, tumieni ile amri ya kuhamia programu nyingine ya kuandikia iliyopo kwenye mipangilio ya dokumenti, bila hivyo nukuu hazitakuwa hai tena. Na plagini hii ni ya kompyuta, anayeandika ripoti yote kwenye simu haitamsaidia kwenye kunukuu, ataishia kusomea PDF.

Ripoti yenye vyanzo viwili vitatu na unaandika mara moja kwa muhula, andika kwa mkono, kufunga programu na kujifunza vitufe vyake itakula muda kuliko kazi yenyewe. Kuanzia vitano kwenda juu, au kama unajua ripoti ziko njiani nyingi, ifunge leo, anza na kadi za vyanzo utakavyorudia kila mara: CRC kwa toleo ulilonalo, WebBook, kijitabu cha maabara, kitabu cha kozi. Hizo ukizijaza vizuri mara moja nusu ya marejeo ya kila ripoti inakuwa tayari. Na kabla ya kutuma tengeneza kopi ya dokumenti, kwenye kopi hiyo kata viungo vya Zotero ili maandishi yawe ya kawaida, tuma hiyo, ile yenye viungo hai baki nayo maana ripoti ikirudishwa kwa marekebisho ndiyo utakayoihitaji.